Gitaa la Pet Shop Boys: mteja aliyerudisha kanda alikuwa na haki?

Mwaka 2002 nilikuwa nauza kanda na CD mjini Kigali, mzigo nikiutoa Kampala kupitia Gatuna kama wenzangu wengi. Siku moja mteja wangu wa miaka mingi alinirudishia kanda niliyomuuzia juma lililotangulia. Nilidhani imekatika au imerekodiwa vibaya, maana kanda zetu za siku zile tunazijua wenyewe. Akasema hapana, kanda ni nzima. "Ila hawa sio wao, mzee. Umeniuzia watu wengine, wamemwazima yule jamaa awaimbie."

Kanda yenyewe ilikuwa Release, albamu ya Pet Shop Boys iliyotoka Aprili mwaka ule. Kwa wasiowafahamu (vijana nawasamehe), hawa ni Waingereza wawili: Neil Tennant anayeimba, na Chris Lowe anayesimama nyuma ya kinanda bila kutabasamu. Walikutana mwaka 1981 katika duka la vifaa vya elektroniki, King's Road, London. Tangu West End Girls iliposhika namba moja Uingereza Januari 1986, jina lao lilimaanisha kitu kimoja: vinanda vya umeme, ngoma za mashine, na sauti ya Tennant, nyembamba, isiyo na haraka, kama karani anayesoma barua ya mapenzi ya mtu mwingine. Hata asiyejua jina lao anaijua tuni ya Go West waliyoitoa upya mwaka 1993, kwa sababu mashabiki wa Arsenal waliichukua wakaifanya wimbo wa uwanjani, na kila anayefuatilia ligi ya Uingereza katika vibanda vya video ameshaisikia.

Sasa weka Release. Kinachokukaribisha ni gitaa. Mpigaji ni Johnny Marr wa Manchester, yule wa kundi la The Smiths lililovunjika mwaka 1987, na gitaa lake limetapakaa katika nyimbo nyingi kati ya kumi zilizomo. Mwaka huohuo wawili hao walizunguka vyuo vikuu vya Uingereza wakiwa na wapiga gitaa jukwaani, wamevaa kawaida, wao ambao mwaka 1993 walikuwa wakivaa kofia ndefu zilizochongoka kama watu wa sayari nyingine. Wimbo wa kwanza kutolewa, Home and Dry, uliishia namba 14 nchini kwao. Video yake ilipigwa na mpiga picha Mjerumani, Wolfgang Tillmans, na kinachoonekana humo kwa muda mwingi ni panya wa kwenye reli za chini ya ardhi London. Nadhani panya wale waliwaudhi watu kuliko hata gitaa.

Mashabiki waligawanyika, na mgawanyiko ule haujaisha. Wapo walioona wamesalitiwa: magitaa yamejaa dunia nzima, kila mtaa wa Uingereza una vijana wanne wenye magitaa, kwa nini hawa wawili nao wajiunge na foleni ileile? Wapo waliosema nyimbo ni nzuri, sauti ni ileile, acheni makelele. Na wapo, nadhani hao ndio wengi, waliokaa kimya wakaendelea kusikiliza albamu za zamani.

Sisi wa huku tunaweza kuwacheka, maana ugomvi wetu ulikwenda kinyume kabisa. Wazee wetu waliokulia katika rumba ya Kongo wanalalamika kwamba gitaa limefukuzwa na kinanda na kompyuta. Kwao gitaa ndilo dansi lenyewe. Ukiliondoa, miguu inakosa kazi. Shabiki wa Pet Shop Boys alilia kwa sababu gitaa limerudi.

Lakini tusicheke haraka. Uingereza ya miaka ya 1990 gitaa lilikuwa na wenyewe. Lilikuwa la Oasis na wenzao, la vijana wa baa na mpira, wanaotembea kwa kutanua mabega. Aliyeona hana nafasi katika genge lile alikuwa na pa kukimbilia, na mahali hapo palikuwa muziki wa mashine na klabu za dansi. Miongoni mwao walikuwemo wanaume wengi wanaopenda wanaume wenzao. Tennant mwenyewe alitamka hadharani mwaka 1994 kwamba naye ni mmoja wao. Kwa watu hao kinanda kile kilikuwa nyumba. Aliyewahi kuishi ugenini miaka mingi, akakaa na jirani wa kwao mlango kwa mlango, siku moja akasikia jirani huyo naye anazungumza kwa lafudhi ya wenyeji, anajua moyo unavyoshtuka. Hajakutukana. Lakini unajiuliza umebaki na nani.

Kwa hiyo uchungu wao naukubali. Mashtaka yao ndiyo siyakubali.

Wanasema gitaa liliingia mwaka 2002. Si kweli. Marr huyohuyo anasikika katika Behaviour ya mwaka 1990, albamu ambayo mashabiki wengi huiweka juu ya zote. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Tennant aliimba na Marr na Bernard Sumner katika wimbo wa kwanza wa kundi la Electronic. Albamu ya Bilingual ya mwaka 1996 ina magitaa na ngoma za mikono, na watu waliicheza. Tena Tennant, alipokuwa kijana kule Newcastle, alikuwa katika kikundi cha muziki wa kienyeji kilichoitwa Dust, na gitaa analijua tangu wakati ule. Mtu aliyeanza na gitaa akalirudia akiwa na miaka 47 tunamwitaje msaliti?

Na kuna jambo jingine ambalo wanalisahau kwa makusudi. Mwaka 1991 Pet Shop Boys walichukua wimbo wa U2, kundi la magitaa matupu, wakauunganisha na wimbo mwingine wa zamani na kuugeuza dansi ya mashine. Mashabiki walishangilia sana. Mpaka ukivukwa kwenda kule ni ushujaa, ukivukwa kuja huku ni uhaini?

Kosa la Release, kwa maoni yangu, liko kwenye upangaji wa bidhaa. Albamu inaanza vizuri, kisha inapoa, na kufika Love Is a Catastrophe mwendo umekuwa wa msafara wa mazishi. Karibu hakuna wimbo wa kumwinua mtu kwenye kiti, ukiacha The Samurai in Autumn, ambao ni wa mashine na umewekwa katikati kama mgeni aliyekosea chumba. Nao walikuwa na nyimbo za dansi stoo! Februari 2003 walitoa Disco 3, na humo mna Positive Role Model na nyinginezo za kuvunja sakafu. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani angewaambia: mteja wako anapenda vitenge, wewe umeleta shuka nzuri sana, basi weka vitenge viwili mbele, shuka ziwe nyuma yake, atanunua vyote. Wao waliweka shuka mbele, vitenge wakavifungia ndani mpaka mwaka uliofuata.

Pamoja na hayo, sikubali albamu hii itupwe, na hapa nasema nikiwafikiria wasomaji wa ukurasa huu. Home and Dry ni wimbo wa mtu aliyebaki nyumbani huku mpenzi wake akiwa ng'ambo ya Atlantiki kwa shughuli za biashara. Hakuna ugomvi wala usaliti ndani yake. Ni kungoja tu, mpaka aliyesafiri afike salama. Nyimbo za msafiri tunazo tele, za anayengoja mfanyabiashara ni chache, na ninyi ambao wake na waume zenu hawalali mpaka wasikie lori limepita forodha mnajua jambo hilo lina uzito gani. Wimbo ule ukiupiga kwa mashine tupu utakuwa baridi. Gitaa la Marr ndilo linaloupa joto la chumba chenye taa moja. Na London, wa nne katika albamu, unahusu askari wa Urusi waliotoroka jeshi wakaingia London kutafuta maisha, kazi zikiwa za kubahatisha na nyingine si halali. Sijui waimbaji wengine wa pop wa kiwango chao waliojali kutazama watu kama hao.

Baadaye wale waliolia walipata walichotaka. Fundamental ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na Trevor Horn, ilirudisha vinanda mbele, na Electric ya mwaka 2013 ni dansi karibu mwanzo hadi mwisho. Release ikatolewa tena mwaka 2017 pamoja na nyimbo nyingi za kipindi kile, na baadhi ya waliokuwa wameitupa wakaisikiliza upya. Baadhi, si wote.

Mteja wangu naye sikumrudishia fedha, biashara ni biashara. Nilimbadilishia kwa kanda nyingine ya watu walewale, Behaviour. Aliniambia hao sasa ndio wenyewe, akaondoka ameridhika, na hata siku moja hakurudi kulalamika juu ya gitaa lililomo.