FUNDI NA FAMILIA: Tangi la Maji ya Urea Lifungwe Barabara



Mitambo mingi mipya ya dizeli, kama vile malori makubwa, magreda na tingatinga, huja na matangi mawili. La kwanza ni la dizeli. La pili, ambalo kwa kawaida huwa na kifuniko cha buluu, ni la maji ya urea. Maji hayo yana asilimia 32.5 ya urea, na sehemu inayobaki ni maji yaliyosafishwa na kuondolewa madini. Hunyunyizwa katika bomba la moshi, na joto likayageuza kuwa amonia. Amonia hiyo, ikisaidiwa na kichocheo, huzibadili oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu, ziwe naitrojeni na mvuke wa maji.

Lita moja ina uzito wa kilo 1.09 hivi. Kwa hiyo tangi la lita 40 likijaa hubeba zaidi ya kilo 43, mbali na uzito wake lenyewe. Mzigo huo ukitikiswa kutwa nzima juu ya mawe, nati moja iliyolegea yatosha kuuangusha mbele ya mwendesha pikipiki ajaye nyuma.

Basi, fundi azingatie haya:

Kwanza, achague mahali palipo mbali na bomba la moshi, pasipopigwa na mawe ya magurudumu, na panapofikika kwa urahisi wakati wa kujaza.

Pili, atumie matundu yaliyokwisha tobolewa na kiwanda. Asitoboe wala kuchomelea kingo za juu na za chini za chasisi, kwa maana hapo ndipo penye nguvu zake.

Tatu, kati ya tangi na mikanda ya chuma atie ukanda wa mpira. Tangi la plastiki likisuguana na chuma kitupu hutoboka.

Nne, boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa na mtengenezaji, na nati ziwe za kujifunga. Zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi.

Tano, mipira na nyaya zifungwe zisining'inie, lakini ziachiwe nafasi kidogo ya kucheza. Viungo vya shaba havifai, maana urea huila shaba. Hata chuma cha kawaida hushika kutu. Yakimwagika, osha kwa maji safi. Ukiona unga mweupe penye kiungo, jua pana mvujo.

Neno moja kwa walio nyumbani. Mbolea ya shambani isikorogwe majini ili kubana matumizi: uchafu wake huua kichocheo, na kichocheo ni ghali. Nunueni maji yenye alama ya ISO 22241, myaweke kivulini, wala dizeli isitiwe kamwe katika tangi hilo.

Tangi likivuja likaisha, mitambo mingi hujipunguzia nguvu yenyewe. Gari la doria linaweza kukwama usiku, nalo limebeba baba wa watoto au mama wa nyumba fulani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya safari, lishike tangi kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, safari isianze.