Tusimwachie Mchungaji Peke Yake

Tumezoea kusema kwamba usharika umepoa. Tukishasema hivyo, tunaunda kamati. Kamati inakadiria turubai, vipaza sauti, nauli na posho ya mnenaji kutoka mbali. Wiki nzima tunaimba, tunalia na kuinua mikono. Jumapili inayofuata viti vya nyuma ni vitupu kama vilivyokuwa, nasi tunaanza kumlaumu mchungaji.

Lawama hiyo haina haki. Mchungaji mmoja ana mitaa kadhaa, mazishi, ndoa, vipaimara na vikao. Jirani yetu aliyeacha kuja ibadani tunakutana naye sisi: kisimani, sokoni, kwenye daladala. Tunamsalimu, tunamuuliza bei ya mahindi, tunaagana. Habari za Yesu tunamwachia mwenye kola.

Maandiko hayatuungi mkono. Matendo 8 inasema kwamba mateso yalipowatawanya waumini wa Yerusalemu, mitume walibaki mjini. Waliotawanyika ndio waliolihubiri Neno kila walikopita. Baadhi yao walifika Antiokia wakawaeleza hata Wayunani (Mdo. 11:19–21), na hatukuachiwa hata majina yao. Naye Paulo anasema wachungaji na walimu walitolewa ili kuwaandaa watakatifu kwa kazi ya huduma (Efe. 4:11–12). Sisi tumeigeuza: watakatifu tunakaa, mchungaji anafanya kazi.

Wala historia ya Afrika Mashariki haituungi mkono. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi ya afya serikalini, aliketi na Biblia pamoja na Joe Church, daktari wa misioni ya Gahini, Rwanda. Hakuna kati yao aliyekuwa mchungaji. Huko Gahini moto uliwaka miongoni mwa wahudumu wa hospitali na walimu, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walioubeba wengi walikuwa wakulima, akina mama wa nyumbani na walimu wa shule. Waliungama dhambi zao mbele ya ndugu, wakarudisha walichoiba, wakaomba radhi kwa waliowakosea. Majirani waliona mabadiliko kabla ya kusikia mahubiri.

Wako wazee wa kanisa wanaoogopa: tukimruhusu kila mtu aseme, si ataleta mafundisho potofu? Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake si kuwafunga watu midomo. Apolo alipokuwa na upungufu katika mafundisho, Priska na Akila, mafundi wa mahema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo. 18:26). Hawakumnyang'anya nafasi ya kusema. Vijana wetu wengi waliohama hawakufukuzwa na liturujia, wamekwenda mahali walipoulizwa, “Bwana amekutendea nini?” Kwetu walikaa miaka bila kuulizwa swali hilo.

Basi, wapendwa, tunasema wazi: fedha za turubai haziwezi kununua kitu tunachokataa kukitoa bure. Ibada za nyumba kwa nyumba zisiwe tena mahali pa kusomewa somo, kutoa sadaka na kunywa chai tu. Kila juma ndugu mmoja aeleze, kwa maneno yake na kwa dakika chache, jinsi Kristo alivyomshika katika deni, ugonjwa, ugomvi wa ndoa au ulevi. Kiongozi wa jumuiya asahihishe kwa upole panapohitajika. Kisha tugawane majina ya wasioonekana ibadani, na kila mmoja aende kwa mtu wake kabla ya Jumapili: kumtembelea, kumsikiliza na kumweleza imani yetu, bila bahasha ya mchango mkononi. Tukiwa na jambo la kumwomba radhi, tuanze na hilo.

Mchungaji atufundishe, atushirikishe Meza ya Bwana na atuombee. Kwenda kwa jirani ni kazi yetu.