Mara tatu kijana alimleta 'mjomba' shuleni

HEBU jiulize, mpenzi msomaji: mara ya mwisho ulipokanyaga katika shule ya mtoto wako, ulikuwa umeitwa kwa jambo gani? Kama wewe ni mzazi wa kawaida hapa mjini, yamkini ilikuwa ni habari ya pesa, au mtoto alikuwa amekosa.

Mama mmoja ninayemfahamu, mkazi wa mtaa fulani wa Eastlands jijini Nairobi, hakuitwa hata mara moja mwaka mzima. Akadhani mambo ni shwari. Kumbe mwanawe wa Gredi ya 6 alikuwa ametumwa mara tatu kumleta mzazi, na mara zote tatu alimleta. Aliyekuja ni mchuuzi wa karanga wa kituo cha matatu, ambaye kijana alimlipa shilingi 50 kila safari ili ajifanye mjomba wake. Bwana huyo alimkaripia "mpwa" wake mbele ya mwalimu, akaapa kwamba nyumbani kutawaka moto, kisha akarudi kwenye karanga zake. Njama hiyo iligunduliwa jioni moja mwalimu alipoteremka kutoka kwenye matatu na kutaka karanga za shilingi 20.

Usicheke sana. Kosa la kijana huyo lilikuwa kuchelewa na kusinzia darasani. Mamake hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo. Mfereji wa ploti yao aghalabu huwa mkavu, kwa hivyo kijana hupanga foleni ya maji na mitungi yake, humbebea jirani mmoja mtungi ili apate chochote (ndiko zilikotoka zile shilingi 50), humpeleka dadake mdogo kwa mama wa nyumba ya pili, ndipo akimbie shuleni. Akifika, lango limefungwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza ametoka wapi.

Na mbona hakumwambia mamake kwamba anaitwa? Alisema kuwa mama akikosa kibarua siku moja, siku hiyo wanalala njaa. Ndiyo maana akakodi mjomba.

Sina nia ya kuwasuta walimu. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili. Ni sheria nzuri. Lakini walimu wengi waliachwa bila kuonyeshwa washike nini badala ya kiboko, na tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure mwaka wa 2003 si ajabu kumkuta mwalimu mmoja akifundisha watoto zaidi ya 60. Yule anayeitwa mwalimu wa ushauri nasaha naye ana vipindi vyake vya kufundisha kama wenzake. Atamketisha mtoto saa ngapi?

Wanaomwona mtoto kabla ya mwalimu ni wengine kabisa: mama wa mandazi langoni, bawabu, makanga, jirani wa ploti. Hawa wanajua nani hupita akilia na nani hujificha nyuma ya vibanda hadi saa sita. Ni shule ngapi zimewahi kuwauliza?

Sheria hiyo hiyo ya 2013 inataka kila shule iwe na chama cha wazazi, na kila mwenye mtoto pale ni mwanachama. Tatizo ni kwamba mikutano huitishwa Ijumaa saa nne asubuhi, wakati mfanyakazi wa kibarua hawezi kuomba ruhusa. Iitisheni Jumamosi alasiri, muone watakaojitokeza. Kama shida ni kubwa zaidi, kwa mfano mtoto anapigwa au kudhulumiwa, simu ya 116 haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kijana wetu je? Mwalimu wa kike aliwatembelea nyumbani Jumapili moja baada ya kanisa, akakaa nusu saa. Hakuwa na dawa ya ukosefu wa maji. Walikubaliana kwamba mitungi ijazwe jioni siku ambazo mfereji una maji, na kijana akapewa kazi ya kupiga kengele ya asubuhi. Siku ambazo mfereji ni mkavu bado huchelewa, na kengele hupigwa na mwingine, lakini siku hizi mwalimu anajua sababu.

Yule mchuuzi wa karanga hakupelekwa kwa chifu. Mama alimwendea kituoni akamdai shilingi 150 za mwanawe. Hadi wiki jana alikuwa amelipa 100.