Tuizuru Miji ya Nyanda za Juu

Wasafiri husimulia kwa taadhima habari za Quito, mji mkuu wa Ekuador ulioinuka mita 2,850 hivi juu ya bahari, ilhali sisi Watanzania tuliojaliwa Iringa na Mbeya, miji ya baridi na hewa safi, twaipita kwa haraka kuelekea Tunduma kana kwamba haina la kutufunza. Lakini apandaye mlima wa Kitonga kwa utulivu, akazuru Kalenga, ngome ya Wahehe iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, ambako limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wao, lililorejeshwa mwaka 1954, kisha akaitazama Mbeya chini ya mlima Loleza, hupata elimu na faraja pamoja. Basi, enyi wazazi na walimu, wapelekeni vijana waijue nchi yao kwanza.