Nguo ya Kuazima Ikishonwa Upya

Nguo ya kuazima, walinena wahenga, haisitiri matako. Methali hii husikika sana walimu tunapowakemea vijana kwa kuiga muziki wa kigeni. Ni onyo la haki. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, nguo hiyo ikifumuliwa na kushonwa upya na yule aliyeiazima, ingali ya kuazima?

Swali hili lilinijia jijini London, nilikokwenda kwa ziara ya mwisho wa juma na kuhudhuria onyesho la Bloodywood, bendi kutoka New Delhi, India. Bendi hiyo hupiga roki nzito iitwayo metali, yenye gita za umeme zinazonguruma na uimbaji unaokaribia mayowe. Muziki huo haukuzaliwa India. Ulichipuka Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, ambako kundi la Black Sabbath liliundwa mwaka wa 1968. Wahindi hao, basi, walikuwa wamewarudishia wenyewe nguo yao.

Lakini ilirudi na mshono mwingine. Kando ya gita ilikuwapo dhol, ngoma ya Wapunjabi ambayo Wakenya wengi wameisikia katika harusi za majirani wenye asili ya India. Filimbi nayo ilikuwapo. Jayant Bhadula aliimba kwa Kihindi na Kipunjabi, naye Raoul Kerr akafokafoka kwa Kiingereza. Kila lugha ilikuwa na kazi yake. Watu waliosimama karibu nami, ambao nadhani wengi wao hawakijui Kihindi, walikuwa wakiitikia viitikio kwa sauti kuu.

Wapo watakaosema kwamba dhol na filimbi ni mapambo tu ya kuwavutia Wazungu. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, na kipimo chake ni maneno ya nyimbo zenyewe. Bendi hii, iliyoundwa mwaka wa 2016, ilianza kwa kuzigeuza nyimbo za wengine kwa mzaha. Kama ingeishia hapo, wakosoaji hao wangekuwa na haki. Lakini albamu yake ya mwaka wa 2022, Rakshak, yaani mlinzi, ina wimbo Dana Dan unaowashambulia wabakaji, Gaddaar unaowalaani wanasiasa wanaotumia chuki kujipatia mamlaka, na Endurant unaowatia moyo wanaoonewa na wenzao. Hayo ni majeraha ya nyumbani, wala hayakutungwa ili kumfurahisha mgeni.

Sisi pia tunao ushahidi wetu. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 2014, alisifika kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na taarabu yake ikabaki kuwa ya Waswahili. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, watetezi wa vina na mizani walilalamika kuwa ameleta ushairi wa kigeni. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni, na Kiswahili hakijafa kwa sababu hiyo.

Linalonisikitisha ni hali ya ala zetu. Nyatiti na chivoti hupigwa kwa ustadi katika tamasha za muziki za shule, kisha mara nyingi hurudishwa ghalani hadi mwaka ufuatao. Kijana anayetaka kuimba kisasa hudhani lazima aziache huko pamoja na lugha yake. Bila ya kukusudia, tumemfunza kwamba urithi ni kitu cha kuwaonyesha waamuzi, hali yeye angeweza kuutumia kusema yanayomkera leo: karo, ukosefu wa kazi, ukabila na dhuluma za mabwenini.

Kwa hiyo, mwanafunzi akija na mdundo wa Birmingham au wa New York, mwalimu asianze kwa kuuliza ameutoa wapi. Amwulize anasema nini, anamwambia nani, na mbona lugha aliyolelewa nayo haimo. Akishindwa kujibu, methali ya wahenga itamhusu. Akiwa na majibu, na afunguliwe ghala, achukue nyatiti yake.