Vipimo vya Ndege: Rubani Humwamini Nani?

Mtu angojaye ndege katika uwanja wa Kalemie huona jambo ambalo wengi hulidharau. Kabla abiria hawajaitwa, rubani au fundi huizunguka ndege kwa miguu. Huondoa kifuniko chenye utepe mwekundu katika mrija mdogo, huchungulia matundu ya ubavuni, hukinga mafuta kidogo katika chupa ya kioo na kuyatazama mbele ya mwanga. Abiria hunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Kumbe mtu yule anawakagua mashahidi wake, maana akiisha kupaa hataona mwendo, wala kimo, wala mafuta yaliyosalia, ila kwa habari aletewayo na vyombo vidogo ambavyo mafundi huviita vihisi.

Tuanze na ule mrija. Mdomo wake huelekea mbele, na hewa huusukuma kadiri ndege inavyokwenda. Mwendo ukizidi mara 2, msukumo huzidi mara 4. Matundu ya ubavuni hupokea hewa isiyosukumwa. Tofauti ya misukumo hiyo miwili humwambia rubani mwendo wake. Na matundu ya ubavuni peke yake humwambia kimo, kwa sababu hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda juu. Ndiyo maana ndege ikiwa imesimama chini Kalemie, kipimo cha kimo kilichotengenezwa sawasawa huonyesha mita zipatazo 780, wala si sifuri: chahesabu toka usawa wa bahari, na ziwa Tanganyika lenyewe liko juu ya bahari kwa mita 770 na kitu.

Na kile kifuniko? Adui yake ni nyigu, yule ajengaye kwa udongo katika kila tundu alionalo, hata la kufuli. Tarehe 6 Februari 1996 ndege iliyoondoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini na watu 189 wakafa. Ilikuwa imekaa siku nyingi chini bila vifuniko, na wachunguzi waliona kwamba yamkini mrija mmoja ulizibwa na kiota cha nyigu. Mdudu wa namna hiyo twamjua sote katika nchi zetu za joto.

Wazee wa Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, walirithi habari za ndege za kwanza ziwani. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabelgiji walileta ndege 4 za majini aina ya Short, walizoazimwa na Waingereza. Mwezi Juni rubani Aimé Behaeghe alivuka maji mpaka Kigoma kuitupia mabomu meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Vipimo vya marubani wa siku zile vilikuwa vichache mno. Rubani aliitegemea sana sauti ya injini, kama mama anavyoijua sufuria inayokaribia kuchemka. Tusiwacheke, bali injini za leo hazisikiki vizuri ndani ya ndege, na mambo ya kusikiliza yamekuwa maelfu.

Mafuta hupimwaje basi? Katika ndege kubwa, ndani ya tangi husimamishwa mirija miwili ya madini, mmoja ndani ya mwingine, na umeme kidogo hupelekwa humo. Pakiwa na mafuta kati yake, mirija huweza kushika umeme mara 2 hivi kuliko pakiwa na hewa tupu. Kwa hiyo chombo hutambua mafuta yamefika wapi. Lakini maji yakichanganyika humo hukidanganya kabisa, tena maji yaweza kuizima injini. Hapo mwaona kazi ya ile chupa ya kioo. Katika bomba liendalo kwa injini huwekwa gurudumu dogo lenye mapanga. Mafuta yapitapo hulizungusha, na sumaku huhesabu mizunguko.

Kipimo chaweza kuwa kizima na bado kikasema uongo. Tarehe 6 Agosti 2005 ndege aina ya ATR 72 ya Tunisia ilikuwa imefungiwa kipimo cha mafuta cha ATR 42, ndugu yake mdogo. Kipimo kilionyesha mafuta yapo, na tangi zilikuwa tupu. Ndege ilitua baharini karibu na Palermo, na kati ya watu 39 walikufa 16.

Lakini msiba uliotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki zaidi ni ule wa tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopia, Boeing 737 MAX, ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ubavuni mwa pua ilikuwa na vibawa viwili vidogo, kimoja kila upande, vinavyogeuka na upepo ili kuonyesha pua imeinuka kiasi gani. Kibawa cha kushoto kiliharibika mara baada ya kupaa kikasema digrii 74; cha kulia kilisema 15 tu. Mashine ya kuishusha pua ilikuwa ikimsikiliza shahidi mmoja, naye alikuwa yule wa kushoto. Iliishusha pua tena na tena, marubani wakashindana nayo kwa dakika chache, na watu 157 wakafa, 32 wao wakiwa Wakenya. Miezi minne na siku kadhaa kabla yake, ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia kwa chanzo kama hicho. Kwa maoni yangu, jambo la uchungu kuliko yote ni kwamba shahidi wa pili alikuwapo, mzima, naye hakuulizwa.

Ndege hizo zilizuiwa duniani kote, zikaanza kuruhusiwa tena mwishoni mwa mwaka 2020. Mashine ile sasa huvisikiliza vibawa vyote viwili. Vikitofautiana zaidi ya kiasi kilichowekwa, hunyamaza, na kumwachia rubani usukani wake.