Kumbukumbu na Haki: Tuliyojifunza Katika Kijiji cha Makumbusho



Waisraeli walipovuka mto Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yachukuliwe mtoni na kusimamishwa kambini, ili watoto watakapouliza maana yake, wazee wawe na jambo la kuwasimulia. Tangu hapo taifa la Mungu linajua kwamba kukumbuka ni wajibu. Lakini mawe hayana kinywa. Husemewa na wazee, na mzee aweza kusimulia habari yote, aweza pia kusimulia nusu. Katika ukurasa huu twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya ile nusu inayoachwa.

Miaka michache iliyopita, tukiwa Marekani kwa kozi fupi, tulipata nafasi ya kuzuru wilaya ya Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania. Kwetu sisi tuliolelewa mkoani Mara, jina hilo halikuwa geni. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Lancaster walifika Shirati, na kazi yao ndiyo iliyozaa Kanisa la Mennonite Tanzania, ambalo mwaka 1967 lilimpata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare. Wazee wetu Wakatoliki walitibiwa katika hospitali yao bila kuulizwa dhehebu. Basi tulikwenda kama mtu aendaye kuona nyumbani kwa jirani mwema.

Yafaa tuseme jirani huyo ametoka wapi. Wamennonite na ndugu zao Waamish ni wana wa Waanabaptisti wa karne ya 16, waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, na ambao wengi wao walikataa pia kushika upanga. Jina la Wamennonite latokana na Menno Simons, padre Mkatoliki aliyeliacha Kanisa mwaka 1536. Waamish walijitenga nao mwaka 1693. Walidhulumiwa na wakuu wa pande zote. Mwaka 1527 Felix Manz alizamishwa mtoni mjini Zürich kwa amri ya Waprotestanti. Mwaka huohuo Michael Sattler, aliyewahi kuwa mkuu katika monasteri ya Wabenedikto, alichomwa moto huko Rottenburg chini ya watawala Wakatoliki. Hatuwezi kuandika juu ya kumbukumbu ya wengine tukaificha hii iliyo yetu.

Wakimbizi hao walikaribishwa Pennsylvania na William Penn, Mkweka aliyeahidi uhuru wa dini. Ndiyo maana hata leo, katika barabara za Lancaster, magari ya kisasa hupishana na vigari vya farasi vya Waamish. Tuliona watalii wakinyoosha kamera kuwaelekea akina mama waliovaa vilemba vyao, ingawa Waamish hawapendi kupigwa picha. Hao si vitu vya makumbusho. Ni watu walio hai, wenye mashamba ya kulima na watoto wa kulea, nao wastahili heshima tunayojitakia wenyewe.

Kijiji cha makumbusho tulichokizuru kinaitwa Landis Valley. Kilianzishwa mwaka 1925 na ndugu wawili wasiooa, Henry na George Landis, waliokuwa wakikusanya zana za wakulima wenye asili ya Kijerumani kabla hazijatupwa. Mwaka 1953 serikali ya jimbo ilikipokea. Humo mna nyumba za wakulima, ghala, karakana ya mhunzi, matanuri ya mikate, na zana za kusokota kitani. Mna pia kazi ya kuhifadhi mbegu za kale za mboga na nafaka, ambazo hupandwa tena zisipotee. Tulivutiwa sana. Mahali pengine pa dunia hujengwa sanamu za majemadari. Hapa zimehifadhiwa jembe, pipa na mkono wa fundi. Kanisa linalofundisha heshima ya kazi haliwezi kudharau mahali kama hapo.

Kisha tulionyeshwa gari kubwa la mizigo, lenye tumbo lililopinda kama mashua na paa la turubai, lililovutwa na farasi wanne hadi sita. Kabla ya njia ya reli, magari ya namna hiyo ndiyo yaliyobeba unga na bidhaa za Pennsylvania. Yaitwa Conestoga, kwa jina la mto na bonde yalikotengenezwa. Mto huo nao una jina la watu. Tukajiuliza: watu hao wako wapi?

Waconestoga walikuwa masalia ya taifa la wenyeji la Wasusquehannock. Mwaka 1701 Penn alifanya nao mapatano ya urafiki. Kufikia mwaka 1763 walikuwa wamebaki wachache tu, wakiishi kwa amani katika kijiji kidogo na kuwauzia majirani vikapu na mifagio. Alfajiri ya tarehe 14 Desemba mwaka huo, kundi la walowezi wenye silaha, waliojulikana kama Paxton Boys, liliingia kijijini, likaua watu sita na kuzichoma nyumba. Kumi na wanne waliosalia walipelekwa mjini Lancaster, wakawekwa katika jengo la serikali ili walindwe. Tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Noeli na siku moja kabla ya sikukuu ya Watoto Mashahidi, wauaji waliingia humo mchana na kuwaua wote, watoto wakiwamo. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani.

Wamennonite hawakufanya mauaji hayo. Tena twajua kwamba wenyeji wawili, mume na mke walioitwa Michael na Mary, waliokoka kwa sababu waliishi katika shamba la Mmennonite mmoja, Christian Hershey. Nao walizikwa hapo. Twalitaja jina lake kwa shukrani. Hata hivyo, fundisho gumu linabaki. Mtu aliyekimbia dhuluma kwao aweza kufika mahali pengine na kulima kwa mikono safi ardhi ambayo mwenyewe anaondolewa. Hakushika silaha, wala hakutoa amri. Lakini mavuno ameyapata. Dhambi ya jamii hufanya kazi kwa namna hiyo, na ndiyo maana huwa vigumu kuiungama: kila mmoja atazamapo mikono yake haoni damu.

Mwendo mfupi kutoka hapo, tulipelekwa kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1719 na familia ya Herr. Ndiyo nyumba kongwe kuliko zote zilizosimama katika wilaya ile, na Wamennonite wa kwanza walisali humo. Wangeweza kuishia hapo na kuwasifu babu zao. Hawakuishia hapo. Mwaka 2013, wakishirikiana na wenyeji wa asili, walifungua katika uwanja huohuo nyumba ndefu iliyojengwa kwa mfano wa zile zilizokaliwa na familia kadhaa pamoja, zenye mafiga katikati. Mgeni sasa hawezi kuiona nyumba ya aliyefika pasipo kuiona nyumba ya aliyekuwapo. Kwa maoni yetu, tendo hilo lapita mahubiri mengi.

Wako watakaosema: kwa nini kufukua makaburi? Waliotenda wamekufa, na waliotendwa wamekufa, tuache yapite. Twajibu kwamba Bwana wetu aliwakemea wale waliopamba makaburi ya manabii huku wakijihesabu kuwa hawana fungu katika matendo ya baba zao. Twajibu pia kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka wa Jubilei Kuu ya 2000, aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa, wala Kanisa halikubomoka. Anayeukumbuka ukweli hatafuti kisasi. Anawarudishia marehemu majina yao, na walio hai nafasi yao.

Hapa yatupasa tuseme kosa letu. Parokia tuliyokuwa tunahudumia iliadhimisha jubilei, nasi tuliongoza uandishi wa kijitabu cha historia. Tuliwaandika maaskofu, mapadre, masista na wafadhili. Tuliandika pia kwamba misheni ilipewa eneo kubwa la ardhi. Siku ya sherehe, bibi mmoja mzee alitusogelea na kijitabu mkononi, akasema kwa upole: “Padre, humu imeandikwa kwamba ardhi ilitolewa. Baba yangu hakutoa. Alihamishwa, na kaburi la mama yake liko chini ya uwanja wa shule.” Tulimjibu kwamba tutaliangalia. Hatukuliangalia. Bibi huyo alifariki kabla hatujarudi kwake na daftari.

Tulipokuwa tumesimama kati ya nyumba ya mawe na ile nyumba ndefu, tulimkumbuka bibi yule.

Kwa hiyo twaziomba Halmashauri za Walei, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo mambo matatu. Kwanza, kabla historia ya parokia au kigango haijachapishwa, wazee waulizwe, na waulizwe hasa wale ambao familia zao hazimo: nani alikuwa hapa kabla ya kanisa, na aliondokaje? Pili, majina ya waliobeba maji, mawe na mchanga yaandikwe pamoja na ya waliotoa fedha. Tatu, pale penye malalamiko ya ardhi dhidi ya Kanisa lenyewe, Kamati ya Haki na Amani iyapokee kwa moyo uleule inaopokea malalamiko dhidi ya serikali. Hatuwezi kudai haki barabarani tukaizuia mlangoni kwetu.

Nasi tumeanza. Kijitabu kile kitachapwa upya, na jina la baba wa yule bibi litakuwamo, pamoja na neno “alihamishwa”. Wajukuu wake wameombwa watuonyeshe mahali kaburi lilipo, ili pawekwe jiwe. Watoto wa shule watakapouliza maana ya jiwe hilo, tusimulie yote.

Amani ya Kristo ikae nanyi.